Kidole Kilichochelewa

Jumamosi, 14 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la Daud. Kurasa kumi na moja za mwanzo zina mwandiko wake: namba za nyaya, aina za betri, na mahali pamoja ameandika "Ramlo, sukari" akapiga mstari mara mbili, kwa sababu aliwahi kurudi bila sukari. Nimeziacha. Ninaanzia ukurasa wa kumi na mbili, na ninaandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyozungumza humu ndani. Yeye alitoka Hola. Kisomali kilikuwa cha nje ya mlango.

Eda yangu iliisha mwezi uliopita. Leo kaka yangu Olow alikuja, akakaa kwenye kiti cha Daud, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayehisi baridi.

"Abaayo," akasema, yaani dada, "nataka uniazime macho yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba ni mwaka wa tatu sasa haoni ulingo. Anaona mwanga, anaona mlango, anaona umbo la mtu aliye karibu. Bondia kwake ni moshi. Daktari alisema ni presha ya macho na kilichopotea hakirudi.

"Na unatangazaje?"

"Mume wako alikuwa ananigusa."

Daud alikuwa fundi wa sauti wa redio. Alikaa kushoto kwa Olow kila pambano, na chini ya meza kidole chake kilikuwa juu ya mkono wa kaka yangu. Miaka mitatu. Nilikuwa mke wa mmoja na dada wa mwingine, na sikujua.

Jumanne, 17 Oktoba

Mawingu upande wa Madogo, ng'ambo ya mto. Hayakufika kwetu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Olow ananifundisha. Kugusa juu ya kifundo cha mkono: ngumi ya kona nyekundu. Kugusa chini, upande wa mshipa: kona ya bluu. Gusa kidogo, ngumi ndogo. Bonyeza, ngumi nzito. Kiganja kizima, mtu ameanguka. Mengine yote, alisema, anayasikia: miguu, pumzi, kelele za watu.

Tulifanya mazoezi kwa mabeberu wawili wa jirani waliokuwa wanapigana kwenye ua. Niligusa, naye akaanza kwa sauti yake ileile ya redio: "Mweusi anarudi nyuma, anapima, anaingia kwa pembe ya kulia! Mweupe ametingishika, lakini ndevu zake bado ziko sawasawa!" Wanawake walikusanyika kwenye ua. Mmoja akauliza, "Olow, na beberu wangu ameshinda kwa pointi ngapi?" Akamjibu, "Hooyo, mama yangu, wako amekimbia tangu raundi ya kwanza."

Ndivyo alivyokuwa tangu shule. Wavulana wakipigana, yeye alikuwa juu ya dawati anatangaza. Mwalimu mkuu aliwachapa viboko wawili waliopigana, na wa tatu alikuwa Olow. Alianza redioni kwa kusoma matangazo ya mifugo iliyopotea. Alimweleza ngamia mpaka ukageuka kutazama mlangoni. Baadaye wakampa mpira, kisha ndondi. Alitangaza Nairobi, Mombasa, Kampala. Miaka ishirini na miwili, na hajawahi kutaja hewani ukoo wa bondia hata mmoja. "Ulingoni kuna nyekundu na bluu," husema. "Wengine wote wabaki nyumbani."

Jumamosi, 21 Oktoba

Pambano langu la kwanza. Watu walinitazama, mjane mezani kati ya wanaume, lakini nilivaa vipokea sauti vya Daud masikioni wakadhani nimechukua kazi yake. Niligusa, nikabonyeza, macho ulingoni. Olow hakukosea hata mara moja.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza. Watoto wa Galbet, mtaa wetu, wote nje.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua siku ya sita. Mto umepanda mpaka kwenye mashamba ya migomba.

Jumamosi, 4 Novemba

Nusu fainali. Hanad ameshinda. Huyu ni kijana wa hapa Galbet, nyumba ya nne kutoka kwangu, miaka ishirini. Ananiita eddo, kama shangazi yake wa damu. Siku Daud alipoanguka ni yeye aliyembeba mpaka kwenye gari, na baadaye akarudi na kiatu kimoja cha Daud kilichokuwa kimemtoka mguuni njiani. Alikiosha kabla ya kunipa.

Fainali atapigana na Mowlid wa Kotile. Olow amempa Mowlid jina la Dheere kwa urefu wake, na sasa hata mama yake, naambiwa, anamwita hivyo.

Nje ya ukumbi nilisikia vijana wa upande wa Hanad na vijana wa upande wa Mowlid wakitupiana maneno. Hawakusema nyekundu wala bluu. Walitaja koo.

Jumatano, 8 Novemba

Barabara ya Madogo imekatwa na maji. Hakuna gari la kwenda Nairobi. Mtu wa redio alisema tusiogope, maji yatashuka. Olow alisikiliza, akasema, "Huyo hajui anachosoma. Sauti yake iko kwenye karatasi."

Jumamosi, 11 Novemba

Ninaandika baada ya Isha; nataka kuandika leo, kabla sijaanza kujidanganya.

Pambano lilianza saa kumi. Mvua ilikuwa juu ya mabati ya ukumbi, nzito kiasi kwamba mtu aliye karibu nawe alifungua mdomo na hukusikia kitu. Mpiga kengele alikaa mezani kwetu, karibu na kipaza sauti cha Olow, macho kwenye saa yake. Refa, mgeni kutoka Isiolo, alimwomba ainue kitambaa cheupe kila anapogonga, kwa sababu ulingoni kengele haisikiki.

Raundi mbili Hanad, kona nyekundu, alikuwa mbele. Nyekundu, nyekundu, bluu kidogo, nyekundu. Kidole changu kilikwenda chenyewe na sauti ya Olow ikafuata. Kwa mara ya kwanza tangu Mei nilisahau kuwa nimefiwa.

Mwisho wa raundi ya tatu Mowlid alirusha mkono wa kushoto, mrefu, ukampata Hanad chini ya sikio. Nililiona konde lile. Lakini niliona pia macho ya Hanad. Yalikuwa wazi na hayatazami kitu, kama macho ya Daud asubuhi ile aliposimama jikoni na birika mkononi, akasema, "Ramlo, mbona," na hakumaliza.

Sikugusa. Kidole changu kilikaa hewani. Sijui ni muda gani, labda pumzi moja, labda mbili. Kengele ikagonga. Ndipo nikabonyeza.

Olow alisema: "Kengele! Raundi ya tatu imekwisha... Lahaula! Mowlid amerusha konde zito, konde zito kabisa!"

Hanad hakuanguka. Alikwenda kona isiyo yake, wakamgeuza. Raundi zilikuwa tatu tu, na refa akauinua mkono wa Hanad kuwa mshindi kwa pointi. Alikuwa anamtafuta mtu kwa macho kwenye watu, na nilimpungia, lakini hakuniona.

Jumapili, 12 Novemba

Hanad alilalamika kichwa, akalala, hawakuweza kumwamsha. Yuko hospitali. Wanasema anatakiwa Nairobi. Ndege haitui kwa mvua, barabara hakuna.

Jumatatu, 13 Novemba

Hanad amefariki kabla ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumanne, 14 Novemba

Wamemzika. Kaburi lilikuwa linajaa maji, wakayachota kwa ndoo, yakajaa tena. Nilikuwa na mama yake, Zeinab. Alinishika mkono akasema, "Eti nywele zake ziliota haraka sana, nilikuwa namwambia akanyoe." Alirudia maneno hayo mara nyingi. Nilimjibu kila mara kama ndiyo kwanza nayasikia.

Alhamisi, 16 Novemba

Sauti ya kaka yangu iko kwenye kila simu mjini. Wameikata kipande: kengele inagonga, halafu Olow anasema, konde zito, konde zito kabisa. Picha za watu waliorekodi ukumbini zinaonyesha ngumi, lakini meza yetu haimo, na sauti ni mvua tupu, hakuna kengele. Refa anasema yeye aliona kitambaa tu, na kitambaa alikiona alipogeuza kichwa. Mpiga kengele alikuwa anatazama saa. Kwa hiyo kengele inasikika mahali pamoja tu duniani: kwenye kipaza sauti chetu. Polisi wamechukua nakala. Lakini hapa kila mtu anajua mambo haya hayaishii polisi.

Kijana akifa ndani ya mchezo, ni ajali. Wazee wanakaa, familia inapokea fidia, wanasoma dua, wanasameheana. Akipigwa baada ya kengele, mchezo umekwisha. Hapo ni mauaji, na damu ina mwenyewe.

Abdikarim, adeer yake Hanad, yaani ami yake, alikuja kwa Olow nikiwa pale. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa sauti ya chini. Alileta maziwa ya ngamia.

"Olow, Mungu alikuweka pale uwe shahidi," alisema. "Wengine wote walikuwa na macho, lakini wewe ulikuwa na macho na ulimi."

"Nilisema nilichosema, adeer," Olow akajibu.

"Hilo latosha."

Alipoondoka, Olow hakuniuliza chochote. Alikunywa maziwa yote.

Jumamosi, 18 Novemba

Mowlid amepelekwa kwao Kotile kabla njia ya huko haijafungwa. Mama yake amebaki mjini kwa dada yake. Nilimkuta dukani. Watu walimwachia nafasi pana kama mwenye ugonjwa. Alinunua chumvi akaondoka bila chenji yake.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua. Mto uko kwenye nyumba za bula ya chini, mtaa wa kando ya maji. Watu wamehamia madarasani.

Jumatatu, 20 Novemba

Olow ameitwa Nairobi kutangaza mapambano ya Jamhuri, tarehe kumi na mbili Desemba, nchi nzima ikisikiliza, kama njia itafunguka. Alinieleza kwa furaha aliyojaribu kuificha. "Utakuja na mimi, abaayo. Tutakununulia koti." Mimi nilikuwa namtazama akigeuza kijiko mkononi, nikajiuliza: hajui, au hataki kujua? Maisha yangu yote nilimwona mtu mkubwa. Leo nilimwona mtu mwenye kijiko.

Jumatano, 22 Novemba

Nimemwambia. Nilisubiri mke wake aende kwa jirani.

"Walaal, kaka yangu, konde lilikuwa kabla ya kengele. Nilichelewa kukugusa."

Alinigeuzia uso, akasema, "Umechoka, Ramlo. Una huzuni."

"Sikuchoka. Nililiona. Kidole changu ndicho kilichochelewa."

"Kwa kiasi gani?"

"Pumzi moja. Mbili."

Alivua miwani yake nyeusi akaifuta kwa kanzu, ambayo ni ajabu, kwa sababu haimsaidii kitu. "Kila mtangazaji huchelewa," alisema. "Hata nilipokuwa na macho. Ngumi inafika, jicho linaona, ulimi unafuata. Mimi nilikuwa nikichelewa kidogo kuliko wote. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu." Kisha akasema polepole, "Na tukisema hivi, watauliza kwa nini ulikuwa unanigusa."

"Watauliza."

"Miaka ishirini na miwili. Watasema nimewadanganya. Watarudi nyuma kuhesabu kila pambano, kila kijana niliyesema ameanguka. Na watauliza nani aliyelichelewesha konde lile? Dada yake Olow. Mjane. Unataka wakuseme wewe?"

"Kule Kotile kuna kijana, Olow."

"Ngoja mvua iishe," alisema. "Watu wakipata jua wanapoa."

Nilirudi kwangu. Ukuta wa jikoni umeanza kuloa kutoka chini, kiganja kimoja, kiganja na nusu.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikulala vizuri. Mkate wa jana.

Ijumaa, 24 Novemba

Baada ya swala ya Ijumaa wametangaza: wazee watakaa Jumapili asubuhi nyumbani kwa Salat, mkubwa wao. Olow ataapa juu ya Msahafu kwamba aliona konde baada ya kengele. Baada ya hapo hakutakuwa na fidia wala dua ya pamoja.

Binamu wawili wa Hanad hawakuonekana msikitini. Zeinab alipoulizwa waliko aliinamisha kichwa.

Jumamosi, 25 Novemba

Nilikwenda kwa Olow na daftari hili. Nilimsomea ukurasa wa tarehe kumi na moja, wote, hata pale pa Daud na birika. Alisikiliza kama anavyosikiliza pambano, kichwa kimeinama upande wa kushoto.

"Kesho nitampelekea Salat," nikasema. "Sikutishi. Nakwambia tu ili usilisikie kwa watu."

"Daud alisema 'mbona', halafu?"

"Halafu basi."

"Hukuwahi kunieleza hilo."

"Hukuwahi kuuliza."

Alinyoosha mkono kutafuta mkono wangu akashika hewa, chini kidogo ya pale ulipokuwa. "Kesho nipitie," alisema. "Unishike njia. Kuna tope."

Sikujua amekubali nini. Nimeandika haya na bado sijui.

Jumapili, 26 Novemba

Wazee walikuwa kumi na wawili, chini ya turubai, maji yakitiririka pembeni. Salat ni mzee mfupi, masikio makubwa. Nilimfikisha Olow kwenye mkeka na nikataka kurudi nyuma walikokuwa wanawake, lakini hakuniachilia mkono. Mtu akasema, "Mwache dada yako aende, huku ni kwa wanaume." Olow aliukaza mkono wangu, na Salat akapunga mkono kwamba waendelee.

Waliifungulia ile sauti. Kengele. Konde zito. Abdikarim aliangalia chini.

Salat akamnyooshea Msahafu. "Olow, weka mkono, useme ulichokiona."

Kaka yangu akanyoosha mkono. Ulipita pembeni ya Msahafu, ukaenda hewani, ukashika ukingo wa turubai.

Mtu mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani, kwa sababu Olow ni mtu wa utani. Mkono ule ukarudi, ukatafuta tena, ukakosa tena. Mpaka sasa sijui kama alikosa au alitaka kukosa. Nilinyoosha kidole nikamgusa juu ya kifundo, mbele yao wote, kidogo, upande wa kulia. Mkono ukageuka upande huo ukatua juu ya Kitabu.

"Mmeona?" akasema Olow, na haikuwa sauti ya redio. "Hivi ndivyo nilivyotangaza miaka mitatu. Kwanza Daud, Mungu amrehemu, sasa huyu. Sioni ulingo. Siwaoni ninyi. Wallahi sikuona konde la Mowlid. Dada yangu aliliona, kabla ya kengele, na aliogopa macho ya kijana, akachelewa kunigusa. Mlichosikia kwenye simu si konde. Ni kidole."

Salat alinigeukia. "Ni kweli, mama?"

"Kweli, adeer. Niliandika siku ileile." Nikampa daftari. Mjukuu wake wa kike, Kowsar, akasoma kwa sauti. Aliposoma macho ya Hanad, Abdikarim alisimama.

Nilidhani ananijia mimi. Alikwenda kwenye ukingo wa turubai akatazama mvua.

"Wawili wetu waliondoka Ijumaa kwa miguu, kwenda Kotile," alisema. "Na bunduki. Nimewapigia tangu asubuhi. Mnara wa huko umezimika, hakuna mtandao."

Salat alisema, "Nani anaweza kuwafikia?"

Barabara ilikuwa chini ya maji, nao walikuwa mbele siku mbili. Kisha Olow akasema, "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa saba na nusu. Kipindi chake cha michezo ni saa nane. Hakuna boma lisilo na redio upande ule.

Tulikwenda, mimi, Olow na Abdikarim, maji mpaka magotini. Olow aliingia hewani bila muziki wa kufungulia. Alisema jina lake, akasema, "Leo hakuna matokeo." Akaeleza yote, Kisomali kisha Kiswahili, Kisomali tena. Alisema ni kipofu. Neno hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake. Kisha Abdikarim akasogea kwenye kipaza sauti, mtu asiyejua kukaa mbali nacho, pumzi zake zikasikika kubwa. Akawataja wale vijana wawili kwa majina na majina ya baba zao. "Mimi ni adeer wenu. Ni ajali. Msimguse. Rudini nyumbani." Akakaa. Akasema tena, bila kujua bado yuko hewani, "Rudini, wanangu."

Jumatatu, 27 Novemba

Hakuna habari.

Jumanne, 28 Novemba

Hakuna habari. Ukuta umeloa mpaka kiunoni. Mama yake Mowlid alikuja akakaa mlangoni kwangu asubuhi yote. Hakutaka chai. Tulisikiliza redio iliyokuwa inasoma vifo.

Jumatano, 29 Novemba

Mtandao umerudi. Wale binamu wawili walikuwa wamezuiwa na maji mwendo wa saa mbili kabla ya Kotile, kwenye boma la mwanamke mmoja mchunga mbuzi, wakisubiri yapungue. Redio yake ilikuwa imening'inia kwenye mti. Yule mkubwa alitaka kuendelea hata baada ya kusikia. Mwanamke alimuuliza, "Kwani huyo anayelia redioni si mtu wenu?" Wakageuka.

Mowlid yu hai. Anasema hataki tena glavu.

Jumamosi, 2 Desemba

Redio imemshukuru Olow kwa utumishi wake. Barua aya mbili, na kazi imekwisha. Nairobi hawakuandika. Kuna wanaomwita mwongo barabarani, na kuna kijana aliyemrushia tope. Zeinab hanisalimii. Ninapita mbele ya nyumba yake taratibu, ili akitaka kuniita awe na nafasi.

Jumanne, 12 Desemba

Jua kidogo, kisha mawingu yaleyale. Mto umeshuka ukaacha matope na harufu.

Olow alikuja kusikiliza mapambano ya Jamhuri kwangu. Nilimwekea kiti cha Daud, na safari hii nilimwambia ni cha nani. Alitaka kusimama, nikamwambia akae.

Mtangazaji alikuwa msichana, Sagal, sauti safi, ana haraka. Olow aliinamisha kichwa upande wa kushoto. Mkono wake ukateleza mezani ukapata wangu, na akaanza. Juu. Juu. Chini, kidogo. Juu. Kila mara kidole chake kilinigusa, na ndipo sauti ya Sagal ikasema ngumi imefika.

"Unajuaje?" nikamuuliza.

"Inasikika. Siku zote ilisikika, kama hakuna mvua."

Raundi ya tatu alibonyeza sana, upande wa mshipa, na hakuondoa kidole. Niliitazama redio. Nilihesabu pumzi moja, mbili. Kengele ya huko Nairobi ikagonga. Msichana bado alikuwa hajalitaja konde lile.